Kima cha chini kikipanda wanafaidika wangapi? Mimi nilishawahi kuwahesabu kwa mkono

Mleta uzi umeuliza kima cha chini kikipanda ni wafanyakazi wangapi wanafaidika, halafu mchangiaji wa kwanza kajibu "wote". Mkuu, sio wote, wala sio nusu, ngoja nikupe mfano wa sehemu niliyokaa.

Mwaka 2023 nilikuwa napiga hesabu za mishahara kwenye kiwanda kimoja cha ndoo na mabeseni, upande wa Barabara ya Nyerere hapa Dar, jina tuache. Ile amri ya serikali ya kima cha chini kwa sekta binafsi ilianza Januari mosi, kwa viwanda na biashara kikatoka shilingi 115,000 kwa mwezi ya tangu 2013 kwenda 150,000. Bosi akaniita, akasema niletee listi ya watakaotugharimu. Nikafungua kompyuta nikiwa najiamini kabisa kwamba listi itakuwa ndefu.

Pale tulikuwa watu 71. Wenye mkataba na slipu ya mshahara walikuwa 23 tu, hao 48 waliobaki ni vibarua, wanaandikwa kwenye daftari getini asubuhi na jioni wanachukua 6,000 yao. Sasa chukua 150,000 gawa kwa siku 26 za kazi za mwezi, unapata kama 5,769. Yaani kibarua wa 6,000 kisheria alikuwa ameshakipita kima cha chini kabla hakijaanza! Nilipomwambia mmoja wao alicheka mpaka akakaa chini, maana mwezi uliopita alikuwa ameitwa siku 15 tu, mashine ilikuwa mbovu na umeme nao wa mgao, kwahiyo alipata 90,000 na huko kwao Gongo la Mboto kodi inamsubiri. Amri inapandisha bei ya siku, siku zenyewe haikuongezei.

Tukabaki na wale 23. Waliokuwa chini ya 150,000 ni tisa. Kati ya hao tisa wanne walikuwa na mshahara wa msingi 120,000 na posho ya nauli 30,000, bosi akaniambia futa posho, ingiza kwenye msingi, imekuwa 150, mchezo umeisha. Mwisho wa mwezi wakasaini hela ileile. Mmoja aliniangalia kama mimi ndiye nimemwibia, na mimi nikaangalia pembeni, nisiseme uongo.

Ila hapa kuna kitu wengi hawakioni, na mimi mwenyewe nilikuja kukiona baadaye. Ovataimu inapigwa kwenye mshahara wa msingi mara moja na nusu, posho haimo. Kwahiyo wale wanne kila saa ya ziada iliongezeka kama 230 hivi. Halafu mmoja wao, mama wa pakingi, akapunguzwa kazini mwaka uliofuata, alikuwa na miaka sita, kiinua mgongo chake ni siku saba za mshahara wa msingi kwa kila mwaka, ile 30,000 iliyohamishwa ikamwongezea kama 48,000. Sio hela ya kununua kiwanja lakini alisafiri nayo kwenda Lindi.

Waliopata nyongeza ya kweli mkononi kwa sababu ya amri ni watano. Alafu kukatokea kitu sikukitegemea, waendesha mashine sita waliokuwa kwenye 155,000 wakagoma kimyakimya, wakasema haiwezekani anayefagia awe nyuma yetu kwa elfu tano. Bosi alinuna wiki nzima, mwisho akawapandisha mpaka 180,000. Hao amri haikuwagusa hata kidogo ila walifaidika kuliko wote. Jumla 11 kati ya 71.

Ndo maana hiki kima kipya cha Januari 2026 kilipotangazwa Oktoba 2025, kwamba wastani wa sekta binafsi unatoka 275,060 kwenda 358,322, na watu mtaani wakaanza kusema "sasa tunalipwa laki tatu na nusu", nilisikitika. Huo ni wastani jamani. Mabenki na migodi na nishati ndo wanauvuta juu, kila sekta ina namba yake na mhudumu wa baa hayupo karibu na hapo. Na ile 500,000 iliyotoka 370,000 Julai 2025 ni ya serikalini, tusichanganye.

Na sijamgusa machinga, bodaboda wa boda yake, mama lishe. Huyo nani ampandishie? Labda anafaidika pale mteja wake akiongezewa na kuanza kula nyama badala ya maharage. Mwenye nyumba naye husikia taarifa ya habari, hilo mnalijua.

Dada wa kazi ndo usiseme. Anayelala kwa mwajiri alitoka 40,000 kwenda 60,000 kwenye ile ya 2023, na najua nyumba hapa Tabata zenye magari mawili ambako hata hiyo haikufika, kwa sababu hamna mkataba na yeye hajui aende kwa nani. Kwangu nalipa laki na bado naona aibu, daladala tu ya kwenda na kurudi akitoka Jumapili inamla.

Kwahiyo mleta uzi, hapo kazini kwako anza na swali hili: wangapi wana slipu?