Mtoto anahitaji wa kubishana naye

Mhariri, wiki hii mmeuliza kama mtoto anayesomeshwa nyumbani hukosa elimu, au hukosa marafiki. Mimi nafundisha tuisheni ya hesabu na sayansi hapa Majengo, na miongoni mwa wanafunzi wangu wamo wasiokwenda shule kabisa.

Habari ya marafiki, kwa Mombasa, watu wanaikuza mno. Mtoto wa hapa ana madrasa, ana mtaa, ana binamu zake nyumba ya tatu, na alasiri yuko uwanjani na watoto wa shule mbalimbali. Anayenitia hofu ni yule wa kwenye fleti yenye geti na askari, anayesoma kwa kompyuta mchana kutwa na hamjui hata mtoto wa jirani.

Lililo zito ni kusoma peke yake. Nina binti ambaye mama yake amemfundisha vizuri sana: sehemu, desimali, aljebra, zote anazo. Lakini alipoanza kuja kwangu, kila akimaliza hatua moja huinua uso, anangoja nimkubalie ndipo aendelee. Siku moja mwenziwe alipata jibu lile lile kwa njia nyingine. Binti akashikilia kuwa lazima mmoja wao amekosea. Wakabishana, wakafuta, wakaandika tena, nami nikanyamaza makusudi mpaka wakaelewana wenyewe. Mama, hata awe na shahada ngapi, hawezi kumpa mtoto ubishi ule, maana mwana habishani na mamake hivyo.

Tena wazazi wasiyumbishwe na tafiti za Marekani, ambako majimbo yote 50 yanaruhusu kusomesha mtoto nyumbani, zinazosema watoto wa nyumbani huwapita wa shule. Mara nyingi waliopimwa ni waliojitokeza wenyewe, wa familia zilizosoma. Hapa kwetu Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi ampeleke mtoto shule. Na ukiacha sheria, kuna alama: asilimia 20 ya zinazompeleka mwanafunzi Gredi ya 10 hutokana na kazi za Gredi ya 7 na 8, ambazo shule huzituma KNEC, baraza la mitihani la Kenya. Asiye na shule, alama zake zitatumwa na nani? Wengi hukimbilia mitihani ya kimataifa ya Cambridge, na ada yake si kila mzazi wa Likoni anaiweza.

Miaka ya mwanzo, mama au baba mwenye muda na subira humjengea mtoto msingi ambao darasa la watoto sitini haliwezi kuujenga. Hilo nimeliona na silikatai. Ila akishabaleghe, mtafutieni wenziwe wa kusoma nao, walau familia tatu nne ziwakutanishe watoto wao meza moja. Na akifika sekondari ya juu, hata meza hiyo haitatosha: mtihani wa vitendo wa kemia unataka maabara, na mwalimu aliyesimama pale mtoto anapopima asidi kwa mkono wake.