Mishahara ya wakubwa serikalini itangazwe pamoja na marupurupu yake

Assalamu alaikum. Ndugu yetu wa Malindi ameuliza ikiwa kutangaza mishahara ya watumishi wa serikali wanaolipwa pesa nyingi kuna faida yoyote, au ni kuzidisha husuda na fitina tu katika miji yetu, ambamo kila mtu anamjua mwenziwe hadi kwa jina la babu yake. Mimi nilikuwa karani wa mishahara katika ofisi moja ya umma hapa Lamu kwa miaka kumi na tisa kabla ya kustaafu. Hofu yake naiona ni ya kweli, wala haistahili kupuuzwa kama walivyoipuuza baadhi ya waliotangulia kumjibu, kwa hivyo nitamjibu kwa yale yaliyopita mikononi mwangu.

Kuna makundi mawili ambayo mjadala huu umeyachanganya. Rais, mawaziri, wabunge, majaji, magavana na madiwani hupangiwa mishahara na Tume ya Mishahara na Marupurupu, iliyoundwa na ibara ya 230 ya Katiba ya Kenya ya 2010, na viwango vyao huchapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali. Kwa hao siri ilikwisha. Mwaka 2017 kila aliyetaka alisoma kwamba mshahara wa rais umeteremshwa hadi shilingi 1,443,750 kwa mwezi, wa gavana ni 924,000 na wa diwani ni 144,375. Mwaka 2024, nyongeza ya maafisa hao ambayo tayari ilikuwa imechapishwa ilizua hasira wakati vijana walipokuwa barabarani wakipinga Mswada wa Fedha, na mwezi wa Julai Tume ikaisitisha. Lau ingebaki kabatini, ni nani angejua kuna la kupinga? Kundi la pili ni watumishi wa umma waliobaki, wakiwamo wakurugenzi wa idara na wakuu wa mashirika ya serikali, ambao kuhusu malipo yao Tume hutoa ushauri kwa serikali. Giza ninalolijua mimi limo katika kundi hili la pili.

Miaka ya mwanzo ya ugatuzi, karatasi za orodha ya mishahara ya ofisi yetu zilivuja. Sijui hadi leo ni nani aliyezitoa. Zilipigwa nakala dukani, na kufikia alasiri ya siku ya pili zilikuwa zinasomwa kwenye mabaraza na ndani ya boti za kuvukia Mokowe. Zilikuwa na majina ya wote, kuanzia mkubwa hadi mfagizi, na safu moja tu ya tarakimu, nayo ni mshahara wa msingi. Hakukuwa na makato wala marupurupu.

Miongoni mwa majina yale lilikuwamo la muuguzi mmoja kijana, binti ambaye ndio kwanza alikuwa amemaliza miaka miwili kazini. Alikuwa amechukua mkopo wa kumjengea mamake nyumba. Sheria ya ajira hairuhusu makato yapite theluthi mbili ya mshahara, na yeye alikuwa amefika ukingoni, akipeleka nyumbani theluthi. Lakini watu waliisoma tarakimu ile ya msingi wakaamini ndiyo anayoitia mkobani kila mwisho wa mwezi. Amu yake alimwendea kutaka mchango wa arusi, akamwambia mbele ya watu kwamba amekuwa akiwaficha jamaa zake riziki aliyopewa na Mungu. Wakaja wa ada za shule, wakaja wa nauli ya kumpeleka mgonjwa Mombasa. Binti yule alikuja dirishani kwangu akilia, akaniomba nimwandikie barua inayoonyesha makato yake ili akawaonyeshe wazee. Nilimwandikia. Miezi michache baadaye aliomba uhamisho, na wodi ikakosa muuguzi hodari.

Wakati huohuo, wakubwa watatu wa juu walionekana katika karatasi zilezile kuwa watu wa kipato cha kadiri, na nilimsikia mzee mmoja barazani akiwasifu kwa kujitolea. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandaa vocha zao. Kulikuwa na posho za vikao, masurufu ya safari, posho ya kukaimu cheo cha pili, na marupurupu ya nyumba na ya mazingira magumu ambayo sisi sote wa Lamu tulikuwa tukilipwa. Baadhi ya miezi, jumla ya posho za mmoja wao ilikuwa mara mbili ya mshahara wake wa msingi. Nyingi ya vocha hizo zilikuwa halali, na sisemi kwamba waliiba. Nasema kwamba mji mzima ulisoma karatasi na kutoka na picha iliyopinduka, ambamo muuguzi alikuwa tajiri na mkubwa alikuwa mnyonge. Nilinyamaza kwa sababu kazi yangu ilinilazimu kunyamaza, na jambo hilo limenikaa moyoni tangu siku ile.

Kwa hivyo, ndugu yangu, husuda uliyoitaja nimeiona kwa macho. Lakini niliiona ikizaliwa na taarifa nusu iliyotoka kwa njia ya mlango wa nyuma, na kabla ya hapo nilikuwa nimeiona ikizaliwa na kutokuwapo taarifa kabisa, maana watu wasipoambiwa hujipangia tarakimu zao wenyewe, na wakishazipanga husema lisemwalo lipo. Taarifa kamili, iliyotolewa na mwenye mamlaka ya kuitoa, ndiyo ambayo ofisi yetu haikuwahi kuijaribu.

Kuna waliojaribu. Mkoa wa Ontario nchini Kanada una sheria tangu 1996 inayotaka kila mtumishi wa umma anayelipwa dola 100,000 au zaidi kwa mwaka atajwe hadharani kwa jina, cheo, mshahara na faida nyingine zinazotozwa kodi. Kosa lao, kwa maoni yangu, ni kwamba kima hicho hakijabadilishwa tangu wakati huo ingawa bei za vitu zimepanda, na sasa orodha imejaa walimu na askari wa kawaida, hata wale iliyokusudiwa kuwamulika wamemezwa na wingi wa majina. Mfano unaonigusa zaidi ni wa Bell, mji mdogo wa California wenye watu wasiofika 40,000, wakati kaunti yetu ya Lamu pekee ilihesabiwa watu 143,920 katika sensa ya 2019. Mwaka 2010 gazeti la Los Angeles Times lilifichua kwamba meneja wa mji huo, Robert Rizzo, alikuwa akilipwa karibu dola 800,000 kwa mwaka, na baadaye ikabainika kwamba ukiongeza likizo na mafao mengine jumla ilipita milioni moja na nusu. Wakazi wengi wa mji huo walikuwa maskini, na hawakuwa na habari. Baada ya hapo msimamizi wa fedha wa jimbo aliamuru miji na kaunti zote za California ziwasilishe malipo ya watumishi wao ili yawekwe kwenye intaneti. Rizzo alihukumiwa kifungo mwaka 2014. Tazameni kwamba hata kule, nusu ya jambo ilikuwa imejificha katika yale yanayoongezwa juu ya mshahara.

Utangazaji wenyewe una gharama, na sitaki kuifunika. Utafiti uliofanywa kwa wafanyakazi wa Chuo Kikuu cha California ulionyesha kwamba waliogundua wanalipwa chini ya wenzao walipungukiwa na ridhaa ya kazi yao wakaelekea zaidi kutafuta kazi nyingine, ilhali waliolipwa zaidi hawakuongezeka furaha. Kwetu mimi nawahofia madaktari bingwa. Kumpata mmoja akubali kukaa Lamu ni kazi, na malipo yake yanatokana na miaka ya masomo, kuitwa usiku wa manane na marupurupu ya mahali penyewe. Jina lake likitundikwa na tarakimu peke yake, atasemwa vibaya na watu walewale anaowatibu. Ndiyo maana naona tarakimu itolewe pamoja na maelezo ya kazi na mchanganuo wa kila posho, kwamba majina yawe ya wale wa juu tu wenye sauti katika matumizi ya fedha za umma, na kwamba waliobaki, akina muuguzi yule, viwango vyao vitolewe kwa daraja bila majina. Kima cha kuanzia kutaja majina nacho kipitiwe upya kila baada ya miaka michache, yasitupate ya Ontario.

Msingi wa haya tayari tunao. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaitaka kila taasisi ya umma ichapishe yenyewe viwango vya mishahara ya maafisa wake kwa madaraja, na inampa raia haki ya kuomba habari nyingine bila kulazimika kueleza sababu. Ombi laweza kuandikwa kwa Kiswahili, jambo ambalo wengi wetu hatulijui, na jibu linapaswa kutolewa ndani ya siku 21. Baada ya kustaafu niliandika ombi kwa ofisi moja ya umma. Siku 21 zilipita kimya. Nikalalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo ndiyo inayosimamia sheria hiyo, na wiki chache baadaye nikapokea bahasha yenye jedwali la madaraja na mishahara ya msingi, safi kabisa, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu posho. Nimeandika tena, safari hii nikitaja kila aina ya posho kwa jina lake kama nilivyokuwa nikiiandika kwenye vocha, ili asiwepo wa kusema hakuelewa nilichoomba. Leo ni siku ya kumi na nne. Barua yenyewe ni ya ukurasa mmoja, na aliye Malindi akitaka kuituma kwa ofisi ya kwao nitamwekea nakala hapa chini, abadilishe anwani na tarehe tu.