Vielezi vya Kihispania: pitia Kiswahili, acha Kiingereza kando

Wengi wetu tunaojifunza Kihispania huku Afrika Mashariki tunategemea vitabu na programu za simu zilizoandikwa kwa Kiingereza. Si vibaya, ila ukifika kwenye vielezi, njia hiyo inakuzungusha bure. Mimi nilipoanza kutoka Kiswahili kwenda Kihispania moja kwa moja, mengi yalinyooka.

Anza na vya mahali. Aquí, ahí, allí: hapa, hapo, pale. Anayepitia Kiingereza huhangaika na hicho cha katikati, wakati sisi tumekizoea tangu utotoni. Ukimuuliza mtu kwenye simu «¿Qué tal por ahí?» unauliza habari za hapo alipo.

Utamu uko kwenye ya na todavía. Ya he comido, nimeshakula. Todavía no he comido, sijala bado. Ya no como carne, sili nyama tena. Hizo mbili za mwisho usizichanganye: ukisema todavía no trabajo aquí, watu wataelewa hujaanza kazi, kumbe ulishaacha na ulitaka kusema ya no trabajo aquí. Tena kuna mtego wetu wenyewe. Mtu akikuuliza kama umekula, kwa Kiswahili unajibu «bado», yametosha. Kwa Kihispania jibu ni todavía no. Hiyo no usiimeze.

Bien na mal, yaani vizuri na vibaya, hazina shida. Kusema habla bueno badala ya habla bien ni kosa, sawa na kusema «anaongea mzuri».

Halafu -mente, mkia unaogeuza kivumishi kuwa kielezi, ambao vitabu huupenda mno. Chukua kivumishi chenye umbo la kike, ubandike: lento, lenta, lentamente (polepole). Umbo la kike linatokana na Kilatini, ambako mente ilikuwa nomino ya kike yenye maana ya akili au nia. Kama kivumishi kina alama ya mkazo, inabaki: rápido, rápidamente. Vielezi viwili vikiunganishwa, cha mwisho peke yake ndicho hubeba mkia: lenta y claramente, polepole na kwa uwazi.

Lakini ukijaza -mente kila sentensi utasikika kama tangazo la serikali. Kwenye maongezi ya kawaida utasikia zaidi con cuidado (kwa uangalifu), con calma (kwa utulivu), de repente (ghafla), poco a poco (kidogo kidogo). Na con hapo inafanya kazi ya «kwa» yetu: con paciencia, kwa subira, con alegría, kwa furaha. Ukijua nomino, kielezi unacho tayari.

Mahali Kiswahili kinapokuangusha ni kwenye «sana». Wao wameigawa. Muy hutangulia kivumishi au kielezi kingine: muy cansado, amechoka sana, muy tarde, kwa kuchelewa sana. Mucho hukaa na kitenzi: trabajo mucho, nafanya kazi sana. Ila kwa mejor (bora zaidi) na peor (mbaya zaidi) ni mucho mejor, mucho peor, wala si muy. Na ukiulizwa kama umechoka, jibu sí, mucho, kwa sababu muy haisimami peke yake.

Zoezi ninalolipendekeza ni hili: jioni fungua WhatsApp yako, tafuta jumbe ulizoandika zenye bado, tena, hapo au sana, uzigeuze. «Bado nipo hapa, sijala, nimechoka sana.» Todavía estoy aquí, no he comido, estoy muy cansada. Mwanamume aandike cansado, muy haibadiliki.