Udongo umelowa, mbona pilipili zangu zanyauka?

SWALI: Assalamu alaykum. Mimi ni mama wa Lamu, nina kibustani cha pilipili na nyanya nyuma ya nyumba. Tangu kaskazi ianze kuvuma, maji ya kisima chetu yameingia chumvi. Majani yakawa yanalegea mchana, nami nikazidisha maji, asubuhi na jioni. Sasa yananyauka zaidi na ncha zake zimeungua, ilhali udongo ukiushika ni majimaji. Mwanangu wa sekondari asema ni osmosisi. Ikiwa ni chumvi, mbona mikoko yasitawi ndani ya bahari yenyewe?

JIBU: Wa alaykum salaam, mama, na shikamoo. Mwanao amesema kweli. Ila kwanza nakuomba uache kumwagia maji ya kisima hicho leo hii, kisha nitakueleza sababu.

Mmea hauvuti maji kama mtu anywavyo kwa mrija. Kila seli ya mzizi imezungukwa na utando mwembamba mno, unaopitisha maji kwa wepesi lakini unazuia sehemu kubwa ya chumvi na sukari. Maji mengi hupita katika vinjia vya protini viitwavyo akwaporini, ambavyo ugunduzi wake ulimpa Mmarekani Peter Agre Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2003. Maji huvuka utando huo kwenda na kurudi bila kupumzika. Palipoyeyuka vitu vingi, maji hayaondoki kwa wepesi kama palipo na vichache. Basi yanayoelekea huko yanakuwa mengi kuliko yanayotoka. Hiyo ndiyo osmosisi.

Kwa kawaida ndani ya mzizi mna vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko majini mwa udongo, kwa hiyo maji huingia. Seli hujaa, ikausukuma ukuta wake, na jani likasimama. Jani changa halina mfupa, mama; husimama kwa msukumo wa maji kama tanga linavyosimama kwa upepo. Udongo ukiingia chumvi, tofauti ile hupungua na maji huingia kwa shida. Chumvi ikizidi, maji hutoka ndani ya seli yakarudi udongoni. Utando hunywea ukajibandua ukutani, na tanga likalala. Mzizi unakaa ndani ya maji usiweze kuyapata.

Umeshaliona jambo hili jikoni. Ukinyunyiza chumvi kwenye maembe ya achari, baada ya muda bakuli lina maji ambayo hukuyatia wewe. Mwambie kijana akate vipande viwili vya kiazi, kimoja akitie katika maji matamu, kingine katika maji yenye vijiko kadhaa vya chumvi, aviache saa mbili tatu. Cha kwanza kitakuwa kigumu, cha pili kitapindika mkononi.

Kuzidisha maji ndiko kulikoharibu. Jua hunyanyua maji na kuiacha chumvi, kama inavyofanywa makusudi katika mashamba ya chumvi ya Gongoni, kaskazini ya Malindi. Kila ndoo uliyomwaga iliongeza chumvi juu ya ile ya jana. Ncha kuungua ni dhara la pili, si osmosisi tena: ni chumvi iliyopenya mmeani ikajikusanya majani mpaka ikayatia sumu.

Kama nyumbani au kwa jirani kuna jabia lenye maji ya mvua, yatumie hayo. Uyamwage mengi kwa mara moja, yaioshe chumvi iteremke chini ya mizizi. Mchanga wenu wa Lamu husaidia kwa hilo. Tandaza majani makavu juu ya udongo jua lisiupige. Mbolea ya dukani usiitie sasa, kwani nayo ni chumvi. Kisima kipumzisheni pia: maji matamu hukaa juu ya yale ya chumvi kwa kuwa ni mepesi, na mkiteka kwa nguvu, yale ya chumvi yaliyo chini hupanda. Mpaka masika ifike, ningepanda spinachi mahali pa nyanya, kwani inastahimili chumvi zaidi. Nyanya zilizoungua sana ziache ziende.

Mikoko haikuikwepa osmosisi. Inaifanyia kazi kubwa. Lita moja ya maji ya bahari ina chumvi gramu 35 hivi, na ili kupata maji humo seli za mmea lazima zikusanye ndani yake vitu vilivyoyeyuka kuzidi hata bahari. Mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini. Pilipili hawezi kazi hiyo.

Hata samaki wana njia zao. Changu hupoteza maji kupitia matamvua, basi hunywa bahari na kuitoa chumvi kwa matamvua hayohayo. Papa hujaza urea, kile kitu kilichomo kwenye mkojo, mwilini hadi damu yake ikalingana na bahari, na akikaushwa urea hiyo hugeuka amonia. Ile harufu kali ya papa mkavu unayoijua inatokana na hiyo.

Turudi kwenye mikoko: mchu, aina nyingine ya mikoko, una njia yake tena: huruhusu chumvi kidogo iingie, kisha huitoa kwa tezi za majani. Mkipita ufukweni asubuhi, mwambie kijana alambe jani lake.