Kamba Imefungwa Mguuni

Juma lililopita nilisoma rasimu saba za maelezo ya karata ya kumi na mbili ya taroti, zile karata za kale za mchezo zilizoanzia Italia, zilizoandikwa na vijana wanaojifunza kueleza picha za kale kwa wageni wanaozungumza Kiswahili, na tano kati yake zilianza kwa sentensi ileile: "Mtu Aliyenyongwa ni ishara ya kujitoa mhanga." Ninawapenda vijana hawa, kwa kuwa hufika mapema na huuliza maswali ambayo sisi tuliotangulia tuliogopa kuyauliza. Hata hivyo, nilipoifikia rasimu ya tano niliweka kalamu mezani nikatoka nje kupunga upepo, maana sentensi hiyo moja imebeba makosa mawili ambayo mimi niliyafanya kwa pamoja, mbele ya watu, na aliyeumia hakuwa mimi. Wadogo zangu, ninawaandikia ili asiumie mwingine.

La kwanza ni kutazama kamba kabla ya kufungua kitabu chochote. Chukueni karata iliyochorwa na msanii Pamela Colman Smith kwa maelekezo ya mwandishi Arthur Edward Waite, ile iliyotoka London mwaka 1909 na ambayo wengi wenu mnaibeba mkobani. Kijana amening'inia kichwa chini miguu juu. Mguu wake wa kulia umefungwa kwenye mti, wa kushoto umekunjwa nyuma ya goti la mwenzake, na mikono iko mgongoni. Amevaa suruali nyekundu ya kubana, shati la buluu na viatu vya njano, na kichwa chake kimezungukwa na nuru. Shingo yake haina kitu. Sasa pimeni maneno yetu wenyewe. Kunyonga ni kukaba shingo mpaka roho itoke. Kutundika ni kuweka kitu juu, msumarini, ukutani au msalabani. Kuning'iniza ni kukiacha kitu kielee hewani kikiwa kimeshikwa kwa juu tu. Hakuna mtoto aliyekulia kwetu anayeweza kumwona popo mwembeni akasema amenyongwa. Mnalitumia neno hilo kwa sababu mmeanza na jina la Kiingereza, The Hanged Man, na jina hilo limechukua kitenzi cha adhabu ya kifo. Waitaliano wa karne ya 15 nao walimwita kwa majina zaidi ya moja, haini na aliyenyongwa, kwa hiyo siwezi kudai kwamba neno hilo halina mzizi. Ninachosema ni kwamba Kiswahili kinaweza kuieleza picha hii kwa usahihi zaidi ya jina lake, na ninyi mmeiacha nafasi hiyo ipite.

Nami niliiacha. Nilipokuwa nikisoma historia ya sanaa katika mji mmoja wa Italia ya kaskazini, nilijitolea kuwaongoza wageni katika maonyesho madogo ya nakala za karata za kale. Jumapili moja alasiri walikuja akina mama wa Afrika Mashariki wanaoishi maeneo yale, kumi na wawili kama sikosei, na kwa ajili yao nilikuwa nimekesha nikiandaa maelezo kwa Kiswahili, kwa kuwa sikuwahi kuona maelezo ya namna hiyo kwa lugha yetu katika chumba chochote cha maonyesho. Niliyachapa kwa herufi kubwa na kuyabandika kando ya nakala ya karata ya Milano ya katikati ya karne ya 15: MTU ALIYENYONGWA. Kisha nikasimama mbele ya picha, nikiwa nimeipa mgongo, nikaanza kusoma.

Tulikuwa tumeanza vizuri. Nilikuwa nimewaonyesha karata za vikombe, panga, fimbo na sarafu, na wao ndio waliozitaja kwa majina tunayocheza nayo, kopa, shupaza, pau na uru, wakicheka kwa furaha. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mama wa makamo aliyejitanda kitenge mabegani, akijipepea kwa karatasi ya ratiba. Nilipofika kwenye karata ya kumi na mbili, nikasoma kwamba uso wa mtu huyu una utulivu, kwamba hali yake aliichagua mwenyewe, na kwamba akiwa pale juu ameona yasiyoonekana na sisi tuliosimama chini. Yule mama akaacha kujipepea, akauliza, "Mwanangu, huyu alinyongwa au alijinyonga?" Ningegeuka tu, ningeiona kamba. Sikugeuka. Nilikuwa na jibu la kitabuni mdomoni, nikalitoa: "Tuseme alijitoa kwa hiari yake, mama, na ndiyo maana ana amani." Alichukua mkoba wake akatoka, nami niliendelea kuzungumza kwa robo saa nzima.

Mwenzake ndiye aliyenieleza baadaye, kwa sauti ya chini, kwamba kaka yake yule mama alikufa kwa kitanzi mwaka uleule, na kwamba hakuweza kusafiri kwenda kuzika. Alikuwa amekuja kwangu apumzike kidogo, na mimi, kwa lugha ya kwao, nilimwambia kwamba kufa kwa kitanzi ni hiari na ni amani. Nilimkuta ameketi kituo cha basi. Nilimwomba radhi, naye alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Hiyo picha yenyewe ikoje? Sikuiona. Ulinikinga." Nilikuwa na postikadi ya karata ileile ndani ya daftari langu. Aliishika karibu sana na macho, akaweka ukucha wa kidole gumba juu ya boriti, akaushusha taratibu kufuata kamba mpaka kwenye kifundo cha mguu, akasimama hapo. "Kumbe ni mguu," akasema. "Shingo yake nzima." Basi likaja, akanirudishia postikadi, akapanda. Kesho yake niliyabandua yale maelezo kabla mlango haujafunguliwa. Postikadi ninayo hadi leo, na ukiiinua kwenye mwanga utauona mkwaruzo wa ukucha ule kwenye wino, kutoka kwenye boriti hadi mguuni.

Kosa la pili lilikuwa limejificha nyuma ya hilo la kwanza, na ilinichukua miezi kulitambua: nilikuwa nimesimama mbele ya karata ya Milano huku nikieleza karata ya London. Mtu wa Milano hana nuru kichwani. Mti wake ni nguzo mbili na boriti, hauna jani hata moja. Kwa hiyo la pili ni hili: kabla ya kusema karata hii ina maana gani, semeni ni karata ya nani, ya wapi, ya mwaka gani.

Katika Italia ya enzi zile, kumchora mtu akiwa amening'inizwa kwa mguu ilikuwa adhabu. Mtu aliyevunja kiapo, aliyekimbia deni au aliyegeuka adui aliweza kuchorwa kwa amri ya wakuu mahali pa wazi, kichwa chini, ili kila mpita njia amwone na kulijua jina lake. Yeyote aliyewahi kuona mbuzi ametundikwa kwa miguu ya nyuma tayari kuchunwa hahitaji mwalimu wa kumweleza aibu iliyomo katika hali hiyo. Mwaka 1412, Yohane wa XXIII, mmoja wa waliogombania kiti cha papa wakati ule, aliamuru jemadari Muzio Attendolo Sforza, aliyemwacha na kuhamia upande wa adui yake, achorwe Roma akiwa amening'inizwa kwa mguu wa kulia. Mwaka 1440, huko Firenze, Andrea del Castagno alipewa kazi ya kuwachora ukutani waasi wa mji wakining'inia kwa miguu, na jina la utani alilopata kwa kazi hiyo, Andreino wa Walionyongwa, lilimganda maisha yake yote. Katika karata za Kiitaliano za karne ileile zilizohifadhiwa Paris, zile zilizodhaniwa zamani kuwa za mfalme Charles VI, mtu huyu ameshika mfuko kila mkono, na Mkristo yeyote wa zama zile aliyeona haini na mifuko alimkumbuka Yuda na vipande vyake thelathini vya fedha.

Hapa naomba mtulie nami kidogo, kwa sababu ndipo penye utamu wa kazi yetu. Yule Muzio aliyechorwa Roma alikuwa na mtoto aitwaye Francesco, na Francesco Sforza ndiye aliyetawazwa kuwa mtawala wa Milano mwaka 1450. Karata ninazozizungumzia, ambazo 74 kati ya 78 zimebaki na zimetawanyika kati ya New York na Bergamo, zinahusishwa na nyumba yake yeye na mkewe Bianca Maria Visconti. Fikirini jamaa wameketi jioni kucheza, dhahabu ya karata inang'aa kwa mishumaa, na mmoja wao anatupa mezani picha ya mtu aliyening'inizwa jinsi baba wa mwenye nyumba alivyochorwa. Sijui kama kuna aliyenyamaza au aliyecheka. Ninachojua ni kwamba ukiiingiza katika chumba kile sentensi yako kuhusu utulivu na hiari, utakuwa umewafuta watu wote waliokuwamo.

Waite hakukosea kuhusu karata yake, wala sitaki mtoke hapa mkimdharau. Yeye alitaka mti uwe hai, na Smith akauchorea majani. Alitaka uso uonyeshe mtu aliyezama katika tafakuri, asiye katika mateso, na uso ukawa hivyo. Nuru akaiweka kichwani. Maana yake ya uhai uliosimamishwa kwa muda imo ndani ya karata ya 1909 kwa kuwa imechorwa humo, na mgeni anaweza kuonyeshwa kwa kidole ilipo. Katika karata za Marseille, zile za mtindo wa Kifaransa, mtu huyu yuko kati ya miti miwili iliyokatwa matawi, vishina vimebaki pande zote, na hapo mnaweza kuzungumzia uhai uliopogolewa bila kumkopa Waite.

Aliyetutangulia katika kosa hili ni Mfaransa Antoine Court de Gébelin. Mwaka 1781 aliandika kwamba taroti ni kitabu cha hekima cha Misri ya kale, wakati maandishi ya Misri yalikuwa hayajasomwa bado. Alikuwa ameziona fadhila tatu, Haki, Nguvu na Kiasi, miongoni mwa karata, akaitafuta ya nne, Busara, asiipate; basi alipokutana na huyu wetu, aliamua kwamba mafundi wa karata walikuwa wamemgeuza, na kwamba kwa haki ni mtu aliyesimama kwa mguu mmoja akifikiri aukanyagishe wapi wa pili. Alikuwa msomi mkubwa, lakini kamba aliiona akaikataa, kwa kuwa haikukubaliana na alichokwisha kukiamini. Rasimu tatu kati ya saba zenu zinataja Misri. Iondoeni.

La tatu ni lugha. Zile karata ishirini na mbili zenye picha msiziite majina marefu ya kubuni, kwa sababu tunalo neno: turufu. Waitaliano waliziita trionfi, karata zinazoshinda nyingine. Wareno wakawa na trunfo, na kutoka kwao sisi tukapata turufu, kama tulivyopata karata yenyewe na yale majina manne ya kopa, uru, pau na shupaza, ambayo kwa Kireno ni vikombe, dhahabu, fimbo na panga. Wazee wanaocheza barazani Lamu au Unguja hushika karata zenye moyo na almasi, ilhali midomo yao ingali ikitaja alama za Milano. Mgeni akilisikia hilo, hachukui muda kuizoea taroti, kwa maana anagundua kwamba nusu ya msamiati wake alizaliwa nao.

Mengine ni mafupi. Wakiwauliza kama huu ni uganga, jibuni kwa adabu kwamba karata hizi zilibuniwa kwa mchezo, na kwamba kutabiri kwa karata za taroti kulienea kutoka Ufaransa katika karne ya 18. Msiziite ramli, kwa kuwa ramli ina elimu yake na wenyewe wapo. Karata ya kumi na tatu inayofuata ni Kifo, kwa hiyo msimalizie maelezo ya huyu kwa kumuua kabla ya zamu. Simameni ubavuni mwa picha, mgeni aione kabla hajawasikia.

Kuhusu jina, mimi hutumia Mtu Aliyening'inizwa kwa karata zote, na kwa zile za Italia huongeza neno haini ndani ya sentensi ya kwanza. Mmoja wenu amependekeza Aliyetundikwa, akisema kwamba ule mti wa Waite wenye umbo la herufi T unaukumbusha msalaba. Hoja hiyo ni nzuri, nami nimeiwekea alama pembeni, ila aniambie atafanya nini na karata ya Milano.

Rasimu zote saba nimeziweka kwenye meza ya dirishani, kila moja ikiwa na nakala ya picha yake juu. Jumamosi saa tatu asubuhi nitaomba kila mmoja asome aya mpya ya kwanza kwa sauti, akiwa ameitazama picha, kidole kikiwa juu ya kamba.