Dawa ya kunguni, mtoto na paka

Mama wa Kayole, umeuliza kama dawa ya kunguni uliyopulizia chumbani inaweza kumdhuru mtoto na paka wako. Pole kwanza kwa kukosa usingizi.

Inategemea ni dawa gani. Nyingi za madukani ni jamaa ya pareto, ua lile linalolimwa Nakuru na Nyandarua, ila hizi hutengenezwa kiwandani. Huacha milango midogo ya sodiamu kwenye mishipa ya fahamu ya mdudu ikiwa wazi, akatetemeka hadi akakakamaa. Mwili wa binadamu huzivunjavunja haraka. Paka huzivunja polepole mno, ini lake halina uwezo wa kutosha. Permethrini, mojawapo ya dawa hizi, ile kali ya kuua viroboto wa mbwa, inaweza kumuua. Mhamishe paka mpaka dawa ikauke kabisa. Mtoto vilevile, na godoro lake usilipulizie.

Kinachonitia hofu zaidi ni zile chupa zisizo na lebo zinazouzwa mitaani. Huenda ni oganofosfeti, sumu kali ya wadudu wa shambani, na hiyo huvuruga mishipa yako ya fahamu sawa na ya kunguni. Ukiona mtoto anatokwa mate na jasho jingi, mboni zimekuwa ndogo, au anapumua kwa shida, mkimbize hospitali na chupa yenyewe. Usimtapishe, wala usimnyweshe maziwa.