Kwale shingo njano au shingo nyekundu?

Mmeuliza kuhusu picha ya kwale, ndege wa porini mfano wa kuku: ni yupi kati ya hao wawili? Huyo wa pichani ni kwale shingo njano, si shingo nyekundu. Msiangalie usoni, maana wote wawili wana wekundu kuzunguka macho. Tazameni miguu na mdomo. Vya huyu shingo njano ni vyeusi-vyeusi, ilhali shingo nyekundu ana miguu na mdomo mwekundu kabisa. Halafu picha imepigwa Tsavo, vichaka vikavu: hapo ndipo kwake. Mwenzake hupenda penye unyevu, pembezoni mwa misitu na mashamba, kama kule Shimba Hills. Nimewafuata kwa miguu miaka mingi, na huyu shingo njano akiruka tu utaona baka jeupe-jeupe bawani. Ila mkiwa Serengeti angalieni: yuko kwale wa tatu, mwenye koo rangi ya machungwa.